Daraja la Nyuma Bado Liko Angani

Haikuwa zamani, wala hayakuwa ya kale. Ilikuwa juzi tu, katika nchi ambayo jina lake silitaji. Si kwamba namwogopa mtu, la hasha. Ni kwa sababu jina lenyewe hubadilishwa kila anapoapishwa waziri mwenye mawazo mapya, nami sipendi kusema uongo. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina bunge, ina ndege moja, na ina Wizara ya Anga na Heshima, kazi yake kuiangalia ndege hiyo isije ikachanganya watu.

Katika wizara hiyo kulikuwa na afisa aitwaye Bwana Mbaruku, mtu mwembamba, mpole, asiyewahi kugombana hata na mlango. Siku moja ya Jumatano, alfajiri, simu yake ililia. Alikuwa dada yake, Mwanatumu, anapiga kutoka Kisimatatu, mji walikozaliwa. Mama yao, Bi Nunu, amefariki. Atazikwa leo hii baada ya sala ya alasiri. Wanamngoja yeye, maana ndiye mtoto wa kiume pekee, na marehemu aliusia kwamba mwanawe ndiye ashuke kaburini amlaze.

Bwana Mbaruku akasema, "Nimesikia." Akakata simu, akanyoa ndevu, akapiga pasi shati. Alikingoja kilio, kilio hakikuja. Moyo ulikuwa kama jino lililodungwa sindano ya ganzi: unajua lipo, unaligusa kwa ulimi, lakini halina habari nawe. Akafunga mlango akaenda uwanja wa ndege.

Njia nyingine haikuwepo. Barabara ya Kisimatatu ilikwisha kuzinduliwa mara nne, kwa utepe na mkasi na keki, ikabaki kujengwa tu. Ndege huondoka saa saba mchana, na safari ni dakika arobaini. Mtu wa nchi nyingine angesema basi, saa nane haijagonga keshafika, alasiri bado iko mbali, ana muda hata wa kuoga. Mtu wa nchi nyingine hajui mambo. Bwana Mbaruku aliyajua, tena kuliko mtu yeyote, kwa sababu mambo yenyewe aliyatunga yeye.

Ngojeni nieleze, msije mkadhani naisengenya serikali.

Miaka minne nyuma, Mheshimiwa mmoja alisimama bungeni akiwa na uchungu mkubwa. Alisema amelipia kiti cha daraja la mbele, bei yake mara sita ya kiti cha nyuma. Akaketi, akala, akafika salama. Aliposhuka ngazi akageuka nyuma, akamwona muuza dagaa naye anafika. "Dakika ileile, Mheshimiwa Spika," akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi na dagaa, dakika ileile." Wabunge wote wakasimama kimya kwa dakika moja, kama wafanyavyo kwenye misiba.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Iwapo Mbele Kuna Thamani, na Bwana Mbaruku akawa katibu wake. Kwa miezi minane tume iliruka kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Wajumbe walipima viti kwa futi kamba. Walikula, walilala, waliamka wakala tena, yote kwa ajili ya taifa. Katibu akaandika kila kitu kwa uaminifu, na hapo ndipo penye kosa lake. Aliandika kwamba kiti cha mbele na kiti cha nyuma vimeshonwa na fundi mmoja, kwa kitambaa kimoja, na vyote viwili vinachoma mgongo mahali palepale. Wali wa mbele ni wali wa nyuma, ila juu yake kuna jani la kotmiri. Choo ni kimoja. Katikati kuna pazia, na pazia lina tundu. Ukiondoa kotmiri na pazia, aliandika, tofauti haikuonekana.

Mwenyekiti wa tume alipoisoma rasimu ile alivua miwani. Hakufoka. Alimwita Bwana Mbaruku pembeni, akamweleza kwa upole kwamba ukweli ni kitu kizuri, hata yeye nyumbani kwake anao, lakini kuna watu kumi na wawili wanaokaa mbele na ukweli huu utawaumiza. Hakumwambia adanganye, Mungu apishie mbali. Alimwambia tu arudi mezani akafikiri mpaka tofauti ipatikane.

Akafikiri mchana mmoja. Mbele haiwezi kufika mapema zaidi. Rubani aliulizwa kwa barua, akajibu kwa barua kwamba ndege huenda nzima. Lakini nyuma inaweza kuchelewa. Basi Bwana Mbaruku akachukua kalamu, akaandika Kifungu cha Saba, kwa mwandiko wake mzuri: "Ndege itakapotua, daraja la mbele litahesabiwa limefika. Daraja la nyuma litahesabiwa bado liko angani kwa muda wa saa tatu, na abiria wake watakuwa chini ya sheria zote za angani."

Bunge lilishangilia mpaka kipaza sauti kikazimika. Hatimaye mbele kulikuwa na thamani, na ilipimika kwa saa. Bwana Mbaruku akapandishwa hadi cheo cha pili, akavishwa nishani ya shaba. Bi Nunu alizisikia habari redioni akampigia simu. Alimwambia hongera mwanangu, sasa utakuja? Naye akajibu atakuja, kazi zikipungua.

Kazi hazikupungua. Alikuwa hajakanyaga Kisimatatu kwa miaka kumi na moja, na mara ya mwisho yenyewe alikaa dakika ishirini, gari la wizara likinguruma mlangoni. Chai ilikuwa bado haijachemka. Alivua koti lake, akalitundika kwenye mgongo wa kiti cha sebuleni, akamwambia mama yake, "Nipo, mama. Natoka kidogo tu." Akatoka.

Wageni hawataelewa neno hilo, kwa hiyo niwape desturi ya koti. Katika nchi ile, ukiingia ofisini ukakuta koti limevaa kiti, bwana mkubwa yupo. Hujamwona, humsikii, lakini yupo, na ukisema hayupo unaweza kushtakiwa kwa uchochezi. Mwanzoni ilikuwa mazoea tu, baadaye ikawa sheria. Makoti huhudhuria vikao, na yakinyamaza huhesabiwa yamekubali. Koti la mkuu mmoja wa hazina lilistaafu kwa heshima zote, likapewa saa ya ukutani, na mwenyewe akaendelea na kazi.

Sasa turudi uwanjani. Bwana Mbaruku alikwenda dirisha la tiketi za mbele na akiba yake yote mfukoni. Kijana wa tiketi akampa shikamoo, akamsikiliza, akampa pole ya msiba, akamwambia mbele kumejaa. Viti vyote kumi na viwili vimechukuliwa na msafara wa Waziri wa Anga na Heshima, anayekwenda Kisimatatu kufungua semina ya siku mbili kuhusu kubana matumizi. Na kweli, msafara ulikuwa unapita wakati huohuo, umetundikwa kwenye henga za nguo, umebebwa na wapagazi kumi na wawili. Makoti kumi na mawili. La Waziri lilikuwa la kijivu, na lilitangulia.

Bwana Mbaruku aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi, kama angeweza kukaa kiti kimoja akalipakata hilo koti la mwisho, la msaidizi wa msaidizi. Kijana akatazama huku na huku, akainamisha kichwa, akamnong'oneza: "Mzee wangu, unataka kumpakata kiongozi?"

Basi akakata tiketi ya nyuma.

Kiti chake kilikuwa dirishani. Kando yake alikaa Bi Kidawa, mama mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa dagaa anayesafiri kila wiki. Alikuja na mto wake, chupa yake ya chai na vitumbua kwenye kopo, maana alikwisha kuzijua saa tatu zile. Alimwuliza Bwana Mbaruku anakwenda kufanya nini Kisimatatu, akajibiwa kuna shughuli ya kifamilia. Akamkaribisha kitumbua. Bwana Mbaruku alikila chote bila kujua ladha yake.

Pazia lilifungwa, lakini tundu lilikuwa palepale alipoliandika. Kupitia tundu hilo alimwona mhudumu, binti aitwaye Siwema, akiyafunga makoti mikanda moja moja, akiyauliza kama yapo sawa. Baadaye alipita na chakula. Aliliinamia koti la kijivu, akauliza kuku au samaki, Mheshimiwa, akangoja kwa adabu muda wa kutosha mtu kuchagua. Akaweka kuku. Jani la kotmiri likiwa juu. Baada ya robo saa akaja kuziondoa sahani, akasema asante kwa kusafiri nasi.

Saa nane kasoro dakika ishirini magurudumu yaligusa ardhi ya Kisimatatu. Ndege ikasimama. Tarumbeta zikalia, na watoto wa shule waliosimama juani tangu asubuhi wakaimba wimbo wa beti kumi na tatu. Makoti yakateremshwa ngazi moja baada ya jingine, na kila moja likachomekwa ua kifuani. Mkuu wa Mkoa alihutubia kwa saa nzima na zaidi. Nusu ya kwanza aliitumia kueleza kwa nini atakuwa mfupi.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, akiliinamia lile la kijivu, "wengi hututumia wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe."

Upepo ukaitikisa mikono ya koti kidogo, na watu wakapiga makofi.

Upande wa nyuma, Siwema alishika kipaza sauti. Akatangaza kwamba safari inaendelea vizuri, tuko futi elfu thelathini kutoka usawa wa bahari, hali ya hewa ni mawingu kiasi, abiria wabaki wamefunga mikanda. Alipokuwa akisema hayo, fundi mmoja alipita chini ya dirisha na baiskeli, amebeba ngazi. Abiria hawakushangaa. Wengine walikuwa wamekwisha kulala. Bi Kidawa alitoa uzi na sindano akaanza kushona kofia.

Bwana Mbaruku alitazama dirishani. Ni lazima niseme hapa kwamba uwanja wa Kisimatatu, ulipopanuliwa, ulichukua nusu ya makaburi ya mji. Nusu iliyobaki iko ng'ambo ya waya, hatua kama mia tatu hivi kutoka ndege inapoegeshwa. Baba yake alizikwa kule, karibu na waya. Pembeni mwa baba yake aliona udongo mwekundu umerundikwa, mbichi, na watu wawili wamekaa juu yake wanapumzika, majembe magotini.

Akafungua mkanda, akaenda mbele mpaka kwenye pazia. Akamwambia Siwema kwamba mama yake anazikwa pale, na akamwonyesha kwa kidole. Siwema alitazama. Alikuwa binti mwema, macho yalimlowa palepale, kuliko ya mwenye msiba. Lakini akatikisa kichwa. "Baba, mimi ningekufungulia. Ila ukishuka sasa hivi, kwa sheria umejitupa kutoka angani. Itabidi niandike umekufa. Mkiwa wawili marehemu siku moja, dada yako atafanyaje?"

Bwana Mbaruku alikumbuka. Hicho kilikuwa kijifungu cha nne, na aliona fahari alipokiandika, maana kilifunga mianya yote. Alimshukuru Siwema, akarudi kitini, akafunga mkanda. Miguu ilikuwa imeanza kumfa ganzi, akaiacha.

Bi Kidawa alikuwa amesikia. Aliweka kofia chini. Alimtazama yule mwanamume aliyekula kitumbua chake bila neno, akampa pole, akampa pole tena, kisha hasira zikampanda. Si za kupiga kelele. Zilikuwa hasira za mtu aliyepoteza saa tatu kila wiki kwa miaka mitatu.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema. "Huyo aliyekaa akaitunga sheria hii, ana mama kweli?"

"Alikuwa naye," akasema Bwana Mbaruku. "Mpaka alfajiri."

Bi Kidawa alikaa na jibu hilo. Lilimchukua muda kulielewa. Alipolielewa, aliuvuta mto wake kutoka upande wa Bwana Mbaruku, akauweka gotini, akashona. Hakumkaribisha kitumbua kingine.

Saa kumi juu ya alama, jeneza lilitokea upande wa msikiti, limefunikwa kitambaa cha kijani, linakwenda kwa mikono ya watu wengi. Bwana Mbaruku aliwatambua baadhi yao kwa mwendo. Mbele alikuwa Mjomba Chonge, kaka wa mama yake, mzee mrefu anayechechemea. Walifika kando ya udongo wakaweka jeneza chini. Wakangoja. Mjomba Chonge aligeuka akaitazama ndege, mkono juu ya macho kuzuia jua, akaitazama muda mrefu. Ndege ilikuwa pale. Kila mtu mjini aliiona iko pale. Lakini kila mtu mjini aliijua sheria, kwa hiyo ilikuwa haijafika.

Bwana Mbaruku aliinua kiganja akakiweka kwenye kioo. Kwa mbali hakuna aliyemwona. Alimwona mjomba wake akisema neno, na mtu mmoja akitoka nyuma ya kundi amebeba kitu cheusi mkononi, akakiweka pale ukingoni kwa taratibu, kama mtu anayemkalisha mgonjwa. Hakutambua ni nini. Kisha Mjomba Chonge akavua viatu, akashuka kaburini kwa shida, na watu wakamteremshia dada yake. Majembe yakaanza. Siwema akatangaza kwamba kutakuwa na mtikisiko kidogo kwa sababu ya upepo, akaomba radhi.

"Lia, mwanangu," Bi Kidawa akasema bila kuinua macho kwenye sindano. "Lia tu."

Alijaribu. Alifikiria mikono ya mama yake ikipepeta mchele, akafikiria sauti yake kwenye simu ikisema sasa utakuja. Vyote vilikuwa vya kweli, lakini vilikaa mbali naye. Aliona tu kwamba udongo umekwisha kusawazishwa, na kwamba walifanya kazi nzuri. Watu wakaanza kutawanyika.

Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini Siwema alitangaza kwamba tumetua salama Kisimatatu. Chini ya ngazi alisimama afisa wa wizara akigawa kadi. Kila kadi ilikuwa na swali moja: Je, umeitambua tofauti kati ya daraja la mbele na la nyuma? Ndiyo au Hapana. Aliyejibu Hapana huelekezwa arudi kitini mpaka aitambue. Bwana Mbaruku aliweka alama kwenye Ndiyo, maana alikuwa mtu mwaminifu, na swali lenyewe alikuwa ameliandika yeye.

Alikwenda nyumbani kwa miguu. Uani kulikuwa na turubai na mikeka, wanaume wamekaa, kahawa inazunguka. Alijiandaa kwa lawama. Alitamani lawama, nadhani, kama mtu anayetaka abanwe mguu ajue kama bado ni wake. Lakini hakuna aliyemlaumu. Walimwitikia salamu vizuri, wakampa nafasi ya kupita, wakaendelea na mazungumzo kama kwamba walikuwa naye tangu asubuhi.

Mwanatumu alitoka mlangoni, ushungi umeteremka, macho yamevimba. Akampa mkono. Akamwambia mama hakuteseka. Jana jioni alipozidiwa aliuliza kama Mbaruku amekuja.

"Nikamwambia yupo," akasema. "Nikamwonyesha koti lako kitini. Akasema haya, basi, mpe chai. Ndiyo maneno yake ya mwisho, kaka. Mpe chai."

Akaeleza, taratibu, bila kumsuta, jinsi Bi Nunu alivyolitunza koti lile miaka kumi na moja. Kila Ijumaa alilipiga brashi. Kila Idi alilipiga pasi, akaliwekea sahani mezani. Majirani walipouliza Mbaruku yuko wapi, aliwajibu si huyo hapo, amekaa. Na leo, alasiri ilipowakuta, wazee walikaa nje ya msikiti wakajadiliana. Mtu anayeshika cheo cha pili serikalini hawezi kuhesabiwa hayupo kwenye maziko ya mama yake, ingekuwa aibu, na pengine hatari. Basi wakatuma mtu akalilete.

"Hukukosekana," Mwanatumu akasema. "Ulikuwepo. Watu wote wamekuona."

Bwana Mbaruku akageuka. Chini ya turubai, katikati ya mikeka, kulikuwa na kiti kimoja tu, kile cha sebuleni, na koti lake jeusi limekivaa. Mabega yake yalikuwa na vumbi jekundu. Aliliendea. Alitaka kukaa, akashika mgongo wa kiti. Mjomba Chonge, udongo bado uko kwenye kucha zake, akamgusa kiwiko kwa upole.

"Hapo pana mtu, mwanangu," akasema. "Kaa mkekani."

Akakaa mkekani. Mtu mmoja akampa kikombe cha kahawa kama anavyopewa mpita njia. Baada ya muda akaingia mzee wa mtaa wa pili aliyechelewa maziko. Akavua viatu, akatoa salamu, akampita Bwana Mbaruku pale chini, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Akaushika mkono wa koti kwa mikono yake miwili, akaupa pole ya msiba wa mama.